Nyota Tano Mlango Ukiwa Umefungwa

"Kama kweli alikushika, mbona ulimpa nyota tano?"

Swali hilo jirani alimuuliza wifi yangu bombani, mchana kweupe, watu wamepanga ndoo. Wifi ni fundi cherehani. Tunamwita Sentimita, maana mshono ukipinda hata kidogo anaufumua wote.  Alijitwika ndoo yake akaenda.

Ilikuwa hivi. Saa nane mchana aliita gari kwa programu ya simu apeleke magauni manne kwa mteja. Dereva akakata kona nyuma ya maghala, akafunga milango, akamshika maungoni kwa nguvu. Wifi alimng'ata mkono, akapiga kelele mpaka mlinzi wa ghala akatokeza. Dereva akaondoa gari mbio, wifi akiwa bado ndani. Walipofika kwa mteja, dereva hakufungua mlango. "Mama, nipe nyota tano kwenye simu nizione, ndiyo ushuke." Wifi akabonyeza. Namshukuru Mungu alishuka mzima.

Alipolalamika, kompyuta ya kampuni ilimwandikia kwamba safari ile ilipata alama za juu, asante sana. Polisi walimwambia arudi wiki ijayo, na ijayo ikazaa nyingine. Dereva akaendelea kubeba watoto wa watu.

Ndipo redio ikatangaza kwamba wabunge wanapokea maoni juu ya sheria ya kuwalinda abiria wa magari hayo. Kaka yangu alimsihi mkewe anyamaze, watu watasemaje.

"Watu wameshasema mpaka wamechoka," wifi akamjibu. "Wewe niangalizie pasi isiniunguzie nguo za wenyewe."

Wakili aliyemsaidia kuandika maelezo alimshauri aziruke zile nyota, zitamharibia. Akakataa. Akasema yeye hajawahi kumkabidhi mteja nguo yenye pini ndani.

Alisimama mbele ya meza ndefu ya wabunge, akaeleza yote. Mbunge mmoja akamuuliza, haoni kwamba zile nyota zilimsafisha dereva?

"Mheshimiwa, mlango ulikuwa umefungwa. Angetaka kumi, ningempa kumi."

 Mwenyekiti akavua miwani, akamuuliza kwa upole anataka sheria iseme nini.

"Naomba iseme kwamba abiria akishitaki, dereva asimamishwe siku hiyohiyo, asipewe abiria mwingine mpaka kesi isikilizwe. Na anayesikiliza awe mtu, anitazame usoni."