Sindano ya Mama

Mama aliponipa sindano ya kushonea kwa mara ya pili siku hiyo, nilijua anachotafuta, na nilikasirika.

"Niwekee uzi hapa," alisema. "Macho yangu imeisha."

Macho yake hayakuwa na kasoro yoyote. Mama hushona kitambaa cha ndani ya viondo, vikapu vya mkonge, hapa kwetu Ikutha, na akikaa kibarazani anaweza kukuambia mbuzi anayechechemea ng'ambo ya mto mkavu ni wa nani. Aliyekuwa anapimwa macho ni mimi. Dada yangu mkubwa alianza hivyo: kichwa kikamuuma wiki baada ya wiki, kisha siku moja akashindwa kutia uzi kwenye sindano, akacheka, sote tukacheka. Kumbe ulikuwa uvimbe kwenye ubongo. Tulimzika kabla mvua hazijaanza.

Sasa kichwa kilikuwa kinaniuma mimi. Maumivu yalianzia juu ya macho, yakashuka mashavuni hadi meno ya juu, na nikiinama kufunga viatu nilihisi uso mzima unataka kudondoka. Nilikuwa nimeshameza dawa za malaria bila kupimwa, maana kwetu kichwa kikiuma jina lake ni malaria.

Nikatia uzi, nikamrudishia sindano kwa ukali. "Umeona, Mwaitu?" nilisema, nikimwita mama kwa Kikamba. "Imeingia."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mama alikuwa ameumwa kweli. Mimi pia niliumwa, ila nilijificha ndani ya hasira. Niliogopa kufa, na niliogopa zaidi kumwachia mama kaburi la pili.

Nikateremka mjini Kambu, ambako mimi huuza ndengu, yaani choroko, ninazonunua kwa wakulima wa kwetu, nikaingia kliniki. Daktari, kijana wa sauti ya chini, alinigonga mashavu kwa kidole; nusura nimpige kofi. Alinimulika machoni na puani, akanitembeza juu ya mstari wa sakafu, akaniuliza kama natapika asubuhi, kama naona vitu viwili viwili. Hapana. Je, nasikia harufu? Sikukumbuka mara ya mwisho nilinusa nini.

"Hii ni sainasi," alisema. "Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vya hewa. Vyako vimeziba, vikaingiwa na maambukizi. Nashuku ni aleji imeanzisha. Kwani unalala wapi?"

Nilitamani asingetaja neno hilo. Dada naye aliambiwa ni sainasi, tena kwenye duka la dawa, na mtu ambaye hata hakumtazama machoni. Nilimweleza daktari hayo yote. Hakunicheka. Alisema dalili zangu si kama zile za dada, lakini kichwa kisipopungua kwa dawa, au macho yakibadilika, nirudi mbio nipigwe picha ya kichwa. "Na harufu ikirudi," akaongeza, "ujue vyumba vimeanza kufunguka."

Kuhusu kulala, nilikuwa nalala na magunia ya ndengu. Wezi wa mavuno hawana haya, kwa hiyo tuliyapanga chumbani mwangu, na vumbi lake lote na ile dawa ya unga ya kuua wadudu. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kando ya mto wa kulalia.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama kila kitu, hata lile la harufu. Alionekana kusikia neno moja tu.

"Sainasi," akasema. "Hata yeye walimwambia hiyo hiyo."

Tulihamishia magunia stoo. Nikafua shuka, nikawa nafunga leso usoni wakati wa kupepeta, nikameza dawa, nikapuliza puani dawa ya kichupa aliyonipa daktari, inayowasha. Maumivu yakapungua, yakarudi, yakapungua. Kila yaliporudi mama alijua kabla sijasema, na sindano ikaja. Siku moja, kwa hofu tu, nilikosea, uzi ukapita pembeni ya tundu. Mama akashika ukingo wa kiti. Nikajaribu tena, ukaingia.

Halafu asubuhi moja tulikuwa kibarazani, yeye anashona, mimi nachambua mawe kwenye ndengu, na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ikichemka jikoni. Akaanza kupapasa kikapu chake akitafuta uzi. Nilikuwa tayari nimenuna, nikisubiri sindano, ndipo kitu kikali kikanichoma puani, kama moshi.

"Mwaitu, muthokoi inaungua!"

Mkono wake ukasimama ndani ya kikapu. "Umesema?"

"Muthokoi! Nasikia harufu yake mpaka hapa. Sufuria inaungua!"

Nikainuka kukimbilia jikoni. Mama akanidaka mkono na kunivuta chini, na alikuwa na nguvu ambazo sikujua bado anazo. Machozi yake yalikuwa yanadondokea kiondo.

"Kaa," alisema. "Wacha iungue."