Sahani Nilizozisuuza Njiani

Sauti ya mchele ukipepetwa kwenye ungo bado inanishtua. Ni kama mvua inayoanza kwenye paa la bati kisha ikaghairi. Katika nyumba tuliyopanga Kariakoo, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja, sauti hiyo ilitoka chumba cha mwisho, kile kilichobanwa kati ya chetu na choo, alichokaa Bi Chiku. Alikuwa mjane, mtu wa Lindi, hana mtoto wala ndugu mjini, na kazi yake ilikuwa kuwachambulia mchele wenye maduka ya nafaka sokoni. Uani palinuka moshi wa mkaa, nazi iliyokunwa na sabuni ya mche, naye alikaa kwenye kibao chake, tambuu shavuni, akitoa mawe na chuya huku akiwatukana kuku wa watu. Msidhani nawaletea habari za bibi mtakatifu. Alikuwa mbishi, na alikoroma mpaka ukuta ukasikia. Lakini macho yake yalizoea vitu vidogo, na hilo ndilo lililonifanya nimkosee, na ndilo ninaloliandika leo nikiwa mtu mzima, mjane mwenyewe, niliyetoka kwenye kisu cha daktari na titi moja.

Nilikuwa na miaka kumi, darasa la tano, ambalo ndilo nililoishia. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, na kila jua lilipoelekea kuzama mama alipakua futari kidogo kidogo, akafunika kwa kawa, nami nikapeleka mlango kwa mlango. Tambi za nazi, magimbi, siku nyingine kunde. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa, unarudisha sahani na kitu ndani, hata chumvi ya kidole kimoja. Ukiirudisha tupu ni kama umemwambia mwenzio: ujirani wako siutaki. Watoto tuliipenda kazi hiyo kwa sababu ya marejesho. Chumba cha mbele walirudisha sambusa, fundi cherehani akarudisha tende, na aliyebeba hakosi kuonja.

Siku ya kwanza Bi Chiku alirudisha ndimu moja. Aliisugua kwenye khanga mpaka ikang'aa, akaiweka katikati ya sahani. "Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyonitania siku zote, "mwambie mama hii niliiokota sokoni ikiwa peke yake, haina hata doa. Nimeinusa njia nzima." Nilipofika uani, shangazi yangu Mwanaidi, dada yake baba, aliyekaa nasi, alikuwa ameketi na wanawake wenzake wakisubiri adhana. Akafunua kawa. "Haa! Wifi, umepeleka tambi za nazi umerudishiwa ndimu! Kesho atakuletea kokwa." Wakacheka wote. Wasichana wa bombani wakacheka pia, wakanipa jina papo hapo: Ndimu. Mama hakucheka. Aliikata, akaikamulia kwenye uji, akasema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Mama alikuwa ameipokea ndimu ile kwa moyo mmoja. Aliyeona aibu ni mimi.

Kesho yake alitoa maua matatu ya yasmini. "Mwambie mama leo nimepita kwa Wahindi wa Upanga, ua limechungulia nje ya ukuta kama mtoto mtundu." Sikufika nayo. Niliyatupa kwenye mfereji, nikaisuuza sahani bombani ili isinuke yasmini, nikaifuta kwa gauni. Mama akauliza, "Hakusema kitu?" Nikamjibu, "Hakusema." Uongo wa kwanza unachoma ulimi, wa pili unateleza. Siku iliyofuata ilikuwa ukwaju, huo niliula nimejificha nyuma ya choo. Kisha mchaichai uliochipua kwenye kopo lake. Kisha kipande cha udi kisichozidi ukucha. Na kila kitu kilikuja na ujumbe wake: mwambie mama leo maji ya mtungi yalikuwa baridi mpaka jino limeuma, mwambie mama leo katika gunia zima sikukuta jiwe hata moja, nikacheka peke yangu kama mwehu. Nilikuwa nikimsikiliza huku nikitazama mlango. Mara kumi na nne nilipeleka sahani yenye chakula, na mara kumi na tatu nikamrudishia mama sahani tupu na neno "hakusema".

Mama alivumilia siku za mwanzo. Baadaye nikaona mkono wake unakuwa mzito akimpakulia Bi Chiku. Shangazi Mwanaidi akapata la kusema. "Sahani tupu kila siku! Hilo ni tusi, wifi. Unamlisha, yeye anakukunjia uso." Mwezi ulipofika nusu mama akaacha kupeleka. Hakugomba, hakuuliza, kwa sababu kwetu kuuliza marejesho ni aibu kubwa kuliko kuyakosa. Ndiyo maana uongo wangu ulipona. Bi Chiku naye hakuuliza kwa nini sahani haiji tena, aibu hiyo hiyo ilimfunga. Magharibi ilipoingia alifuturu maji na muhogo wa kuchoma, mlango wazi, akitusalimia tukipita.

Mzee Sefu, mwenye nyumba, alikuwa anakitamani kile chumba muda mrefu, akifanye stoo ya marobota ya mitumba ya Hamadi, mfanyabiashara wa mtaa wa pili. Kila alipolileta jambo hilo, mama alikuwa akimjibu, "Huyu akitoka, na mimi natoka." Mama alikuwa mpangaji wa zamani kuliko wote, na Mzee Sefu alimsikiliza. Baada ya Idi alikuja tena, akasimama uani, akasema chumba cha mwisho anakitaka kabla ya mwezi kuisha. Akamtazama mama. Mama alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna. Nilikuwa hapo, nimeshika chujio, na nilijua kabisa kwamba neno langu moja lingemfanya mama asimame. Nilibana meno.

Asubuhi ya kuondoka, Bi Chiku alikuja mlangoni kwetu na kifurushi kichwani na ungo kwapani. "Mama Zuhura," akasema, "nakushukuru kwa futari. Najua nilivyokuwa narudisha vilikuwa vidogo, unisamehe. Mkono mtupu haulambwi, nami sikuwa na kikubwa." Uso wa mama ulibadilika. "Vidogo, Bi Chiku? Unanikejeli mlangoni kwangu? Mara ngapi sahani yangu imerudi tupu, nikanyamaza?" Bi Chiku akafungua mdomo. Kisha akanitazama. Sikumbuki alinitazama kwa muda gani, najua tu kwamba alielewa yote, yasmini, ukwaju, bomba, kila kitu. Shangazi Mwanaidi alikuwa na mkono mwepesi na mwiko mzito, na Bi Chiku alizisikia fimbo zangu nyingi kupitia ukuta ule. Akaufumba mdomo. "Kweli, mama," akasema taratibu. "Nimekosea. Uzee huu. Nisamehe." Akageuka akaenda. Hatukumwona tena, wala sikuwahi kusikia aliishia wapi.

Nawataja kwa majina kwa sababu nimechoka kusitiri. Mwanaidi, aliyegeuza ndimu kuwa kichekesho. Sefu, aliyetaka marobota yalale pa binadamu. Hamadi, aliyelipia chumba mwenye chumba hajatoka. Na Zuhura, ambaye ni mimi. Hao watatu walifanya mabaya waliyoyajua wazi, wakayafanya mchana, mbele ya watu. Mimi niliwapa njia. Mama alipokuwa anakufa, mwaka ambao hata sauti yake ilikuwa imepungua, aliniambia, "Ukikutana na yule Bi Chiku, mwambie nimemsamehe." Nikasema, "Nitamwambia, mama." Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na pumzi, tulikuwa wawili tu chumbani.

Nyumba ile imebomolewa. Pamesimama ghorofa la maduka chini na wapangaji juu, kama Kariakoo yote siku hizi, na mimi nimepanga ghorofa ya tano ya jengo la jirani yake, kila mlango una geti la chuma. Kliniki wanatufundisha, sisi tuliopona, tuandike kila siku jambo dogo la kushukuru. Wenzangu wanalalamika hawayaoni. Mimi nayaona mengi mno, ila kila ninaloliona nahisi nimemwibia mtu. Juzi maji yalikatika, na mkono wa upande wa kisu haubebi kitu. Nikafungua mlango asubuhi nikakuta dumu limejaa, limefunikwa vizuri. Mlinzi wa jengo, aliyekuwa anapita, akaniambia ni yule dada wa ghorofa ya pili, anayeuza viatu kwenye simu. "Nashuka sasa hivi, mama, nitamfikishia asante yako."

"Hapana," nikamwambia. "Naenda mwenyewe."

Nikashuka ngazi nimeshika ukuta. Binti akafungua geti nusu, simu sikioni. "Shikamoo mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna. Nimekuja kukwambia maji yale yalikuwa safi, na mfuniko ulivyoufunga, halikumwagika hata tone."

Alinitazama kama mtu anayetafuta namba ya kuwapigia jamaa zangu. "Haya mama, usijali," akasema, akarudisha geti. Zamani wanawake wangekaa kizingitini hapo mpaka adhuhuri. Mimi nilipewa nusu dakika, na nilipokuwa napumzika ghorofa ya tatu kabla ya kumalizia ngazi, nikapiga hesabu: ni nusu dakika kama ile, ya kufikisha neno, mara kumi na tatu, niliyomnyima Bi Chiku.