Salamu kwa Mjomba Aliye Bama

Asubuhi ya kurudi kutoka Kisarawe ukungu ulikuwa umetushukia mpaka magotini, nami nilitembea kama mtu aliyeamka nusu. Mtihani wa darasa la nne ulikwisha jana yake. Tulilala kwenye sakafu ya darasa la shule ya huko, tukaamshwa kabla ya jua, na sasa tulishika njia ya kwetu Marui, mwendo wa kutwa, watoto wa shule moja ya kijijini nyuma ya mwalimu wetu aliyekuwa akikokota baiskeli. Mikorosho ilitokea ukunguni mmoja mmoja, ikapita, ikapotea. Sijui kama asubuhi ile ilikuwa nzuri kweli au nimeipamba mwenyewe kwa kuikumbuka mno.

Uliotutisha ni mtihani wa insha. Hesabu tulizizoea, na imla tuliizoea kwa viboko. Insha ilitoka serikalini, moja kwa watoto wote, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Msimamizi aliivunja lakiri mbele yetu, akaandika ubaoni: mwandikie barua ndugu yako aliye mbali, umweleze kazi za shamba za kwenu. Kila mtu akapewa karatasi moja, na upande mmoja tu wa kuandika.

Njiani, mtoto wa mwalimu wa dini wa misheni ndiye aliyejipa kazi ya kusahihisha. Hakuna aliyemchagua. Alikuwa na fimbo, akawa anatusimamisha mmoja mmoja na kutuandikia alama zetu kwenye mchanga wa njia.

"Wewe umetaja jembe? Umetaja palizi? Haya, sabini." Akamgeukia mwingine. "Wewe?"

"Mimi nimemweleza kaka habari za nguruwe wanavyokula mihogo yetu, na baba anavyolala shambani akipiga debe kuwafukuza."

"Nguruwe si kazi ya shamba. Hamsini."

"Kulala shambani siyo kazi? Njoo ulale wewe!"

Tukacheka, na mwenye nguruwe akazifuta hamsini zake kwa mguu. Yule mtoto alijipa mwenyewe tisini, akasema kumi zile anawaachia Wazungu wasione wivu. Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini nilijitahidi kubaki nyuma ili zamu yangu isifike.

Kwangu insha ile haikuwa mchezo. Baba alikwisha kusema: nikifaulu, nitakwenda shule ya wasichana ya bweni. Nisipofaulu, basi shauri langu ni la wanawake, na mashauri ya wanawake nyumbani kwetu yalikuwa mkononi mwa bibi mzaa mama. Bibi alikwisha kusafisha chumba cha ndani. Msichana wa Kizaramo akianza kukua huwekwa mwali, haonekani nje mchana wala haonwi na wanaume, mpaka siku atakapochezewa ngoma na kutolewa. Wengine walikaa ndani mwaka, wengine zaidi, wakatoka weupe na wanene, moja kwa moja hadi kwa mume. Sikuwachukia. Ila nililitaka bweni. Nililitaka hata nikawa naliota macho wazi, kitanda cha chuma, dirisha, na mimi nimelala nikisikiliza kengele.

"Na wewe, bibie?" Fimbo ikasimama mbele yangu.

"Nimemwandikia mjomba," nikasema.

Huyo mjomba alikuwa mwana wa kiume wa pekee wa bibi. Keya, askari wa Mwingereza, walimchukua wakati wa vita vya Hitla, akapelekwa kupigana Bama, ng'ambo ya bahari, na vita vilipokwisha wenzake wakarudi na makoti yao. Yeye hakurudi, wala habari zake hazikurudi. Msimamizi alipoandika ubaoni ndugu aliye mbali, sikumfikiria mtu mwingine.

"Vizuri. Umemwambia nini?"

Nikamwambia. Nilianza kama barua zote za kwetu zinavyoanza: mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Kisha bibi anakusalimu sana. Mama anakusalimu, baba anakusalimu. Mama mdogo naye, na mtoto wake ambaye humjui, amezaliwa nyuma yako. Nikaendelea kwa majirani, maana kumsahau jirani kwenye salamu ni ugomvi wa mwaka mzima. Nikamtaja fundi wa cherehani aliyesoma naye chuo cha Kurani. Nikamtaja mpaka mzee wa kisimani, ambaye hata simpendi. Nilipofika kwenye "ama baada ya salamu", karatasi ilikuwa imebaki na mstari mmoja. Nikaandika: shambani mihogo ipo.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Yule mtoto aliitazama fimbo yake, kisha akaandika kitu kwenye mchanga taratibu. Sikutazama. Nilipita juu yake, na ukungu ulikuwa umeanza kupanda, jua likaja, miguu yangu ikaendelea kwenda yenyewe.

Matokeo yalikuja wakati wa palizi. Mwalimu alifika barazani na baiskeli yake, akamwambia baba, "Hesabu amepita. Insha ndiyo iliyomwangusha. Mkipenda, anaweza kurudia mwaka." Baba akamtazama bibi.

"Ahsante, mwalimu," bibi akasema. "Mtoto amejaribu. Inatosha."

Nilikwenda kulia katika chumba kile kile nilichokikimbia. Mkeka mpya wa mwali ulikuwa umekwisha tandikwa. Bibi akanifuata na ungo wa kunde, akakaa chini, akaanza kuchambua.

"Waliuliza nini huko, mke mwenzangu, hata kikakushinda?"

Niliikumbuka barua yangu yote kwa moyo. Nikamsomea, kamasi zikinitoka. Nilipotaja jina la mjomba, mikono yake ikasimama juu ya kunde.

"Na mimi ulisema nasemaje?"

"Nilisema, mama yako anakusalimu sana, anasema mkeka wako ameukunja ameuweka darini, haujalaliwa na mtu."

"Nani kakwambia hayo?"

"Nimeuona, bibi."

Akaanza kuchambua upya kunde alizokwisha kuchambua. Nikaogopa amenielewa vibaya, nikasema, "Lakini bibi, ile karatasi haikwenda Bama. Wameisoma hapo Dar es Salaam tu, ikaishia hapo."

"Mimi si mjinga. Mtihani ni mtihani." Akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Lakini toka wamchukue mwanangu, nani humu ndani aliyemtumia salamu? Wote tunaogopa kumtaja, kama keshakufa. Wewe umemsalimia na kijiji kizima. Enhe, baada ya salamu ukamwambia nini?"

"Karatasi iliisha."

"Basi barua haijaisha. Utamsimamishaje mtu njiani, umsalimie, halafu umwache hapo hapo bila neno?" Akainuka, kunde zikamwagika, akatoka mpaka barazani. Nikamsikia akisema, "Mwalimu, usiondoke. Mtoto atarudi shule akaimalize ile barua. Mambo ya mwali yatangoja."

Aliporudi aliukunja ule mkeka mpya, akauegemeza ukutani. Sijapata kufurahi namna ile tena, na nimeolewa na kuzaa.

Mwaka uliofuata tukapanda tena Kisarawe. Lakiri ikavunjwa, na safari hii waliuliza habari za soko. Nilikuwa nimefundishika. Niliandika habari za soko toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, vitu na bei na kelele, bila kumtaja mtu yeyote. Nikafaulu.

Siku ya kuondoka kwenda bweni bibi alikuwa ananikunjia nguo. Akaniuliza, bila kuinua macho, "Na safari hii ulimsalimia nani?"

"Hakuna, bibi. Hawakutaka barua."

Akatikisa kichwa kukubali, akachukua gauni jingine, akaendelea kukunja.