Nilikwenda Kisangani Kuuliza Maswali, Nikaishia Harusini

Niliondoka Kindu kwa sababu daktari wetu hakuridhika. Wodini kwetu, mama aliyepasuliwa saratani ya mlango wa kizazi akirudi, sisi wauguzi tulimuuliza kama bado anavuja damu. Akisema hapana, basi, amepona. "Nenda Kisangani," daktari akaniambia, "ukajifunze namna ya kuwauliza jinsi wanavyoishi." Sikuwahi kuuona mji huo. Nilifunga begi huku nikiimba.

Barabara ya Lubutu ilinikomesha. Pikipiki ilizama topeni hadi dereva na mimi tukafanana na vyungu vibichi. Kila tulipoanguka nilicheka, naye akadhani nina malaria.

Kisangani nilipokelewa na Mama Véro, muuguzi mwenzangu, kwa lituma, ndizi za kutwanga, na samaki aliyeokwa majanini. Asubuhi tukapanda toleka, baiskeli za abiria, kutoka Makiso hadi Mangobo. Huko tulimkuta mgonjwa wake, Mama Chantal, amejifungia ndani. Saratani yake ilikuwa imeondolewa kwa upasuaji, lakini tangu siku hiyo, bila yeye kumwambia muuguzi yeyote, mkojo ulimtoka bila kumuaga.

Nikauliza habari za usingizi, kisha chakula. Halafu: "Mama, ugonjwa umekuzuia kwenda kwa watu?"

"Unanizuia sasa hivi!" akajibu. "Mutoto ya dada yangu anaolewa leo, hapa nyuma ya soko. Hamusikie muziki?"

Tuliusikia.

"Unataka kwenda?"

"Nataka sana. Lakini nikilowesha kiti ya wakwe? Haya iko nyingi, mama."

Mama Véro alinitazama, nami nikamtazama. Maswali tukayaacha hapo hapo. Yeye akakimbilia duka la dawa kutafuta pamba nene, mimi nikachota maji ya kuoga. Mama Chantal akachagua kikwembe, kitenge chake cheusi. "Hii haisemake kitu," akasema.

Harusini, dada yake alipomwona mlangoni alitupa mwiko wa pondu, mboga ya majani ya muhogo, na kupiga kelele hadi wapiga gitaa wakanyamaza. Wakakumbatiana, wakalia, wakaanza kucheza. Katikati ya wimbo Mama Chantal alinishika mkono. "Imetoka."

Nikamnong'oneza: "Turudi nyumbani?"

"Turudi wapi? Bon, simama nyuma yangu. Tucheze mpaka kwa choo!"

Tukacheza kwa mstari, yeye mbele, mimi kati, Mama Véro nyuma. Wageni wakadhani ni mtindo mpya wa Kindu, wakatufuata, baba mkwe akiwa na kofia yake ya manyoya. Mlango wa choo ukapigiwa makofi kama wa kanisa. Alibadilisha pamba, akatoka anacheza, na msafara mzima ukageuka.

Kesho yake tulimalizia maswali yetu, nikamuuliza: "Toka moja, mbaya kabisa, mpaka saba, nzuri kabisa, maisha ya wiki hii ni ngapi?"

"Tatu."

"Tatu tu? Na harusi?"

"Bila harusi ingekuwa moja. Mukojo iko inatoka, mama."

Mama Véro akajishika kichwa. "Mbona tangu upasuaji haukuniambiaka?"

"Munaulizaka damu tu."

Siku hiyo hiyo Mama Véro alimpeleka kwa daktari wa upasuaji, aliyemhakikishia kwamba tundu la kibofu linalovujisha mkojo linaweza kushonwa, akampa siku ya kushonwa. Mama Chantal alirudi ameshika kiuno, anatuonyesha atakavyocheza.

Kindu nilifika na tope hadi masikioni. Nilijifunza kwamba aliyepona anaweza kuwa bado amefungiwa. Wodini nikamkuta mama aliyekuja kuangaliwa mshono. Nikaketi karibu naye. "Mama, wiki hii ulikwenda kwa nani?"

Akatazama kama kuna anayetusikia. Kisha akaniambia nifunge mlango.