Katikati ya Maneno Mawili

Kila nikisikia harufu ya kahawa iliyoanikwa, namkumbuka baba akitufundisha Kiingereza uani kwetu, Ngenge. Binti wa shangazi alikuwa amekuja likizo kutoka Bakoba. Baba aliangusha kofia yake juu ya mkeka wa kahawa, akauliza, "Kwa Kiingereza, 'iokote' tunasemaje?"

"Pick up it!" niliwahi mimi.

"Pick it up," dada yangu yule alisema taratibu. "Hiyo 'it' inakaa katikati, mjomba."

Baba alicheka kwa furaha, akambeba mabegani, mahali ambapo mimi sikuwahi kukalishwa.

"Mwanangu, tangulia ukatufungulie mlango," akaniambia.

Nilitangulia, huku nikimwomba Mungu shangazi aje amchukue mtoto wake siku hiyohiyo.