Pikapu ya Dizeli na Meza ya Nyanya

Miaka ile tulipoambiwa tufunge mikanda, mimi wangu nilikuwa nimeshaufunga mpaka tundu la mwisho, nikatoboa jingine kwa msumari. Kila kitu kilikuwa foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na petroli ndiyo ilikuwa foleni yenyewe hasa. Watu waliacha magari yao kwenye mstari wa kituo cha mafuta, wakaenda kazini, wakarudi, wakala, wakalala, na gari halijasogea hata urefu wa mkeka. Namjua mtu aliyeoa akiwa kwenye foleni. Mke wangu anabisha, anasema mtu yule alikuwa ameoa zamani, ila alipata kisingizio cha kuchelewa kurudi nyumbani.

Mimi foleni ya petroli sikuipanga hata siku moja. Nilikuwa na pikapu ya dizeli.

Ilikuwa pikapu ndogo, rangi ya maziwa yaliyoungua, niliyoinunua kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa anamaliza mkataba na kurudi kwao. Wenye fedha zao waliikagua wakaiacha. Walisema inanguruma kama mashine ya kusaga na inatoa moshi kama jiko la msiba. Tena haikutaka pupa. Asubuhi unavuta kitufe, unasubiri vyuma vya ndani vipate moto, unahesabu polepole mpaka ishirini, ndipo unapiga stata. Watoto wa mtaa wetu pale Ilala walikuja kusimama dirishani na kuhesabu pamoja nami kwa sauti. Naamini kizazi kizima cha Ilala kilijua namba kabla ya kuanza darasa la kwanza, na walimu wakachukua sifa zangu.

Lakini kwa kubana mafuta, pikapu ile ilikuwa na roho ya mtawa. Lita moja ilinitoa Ilala mpaka Feri kuchukua samaki wa watu, ikanipitisha Kariakoo, ikanirudisha nyumbani, na bado nilihisi yamebaki ya kuwagawia majirani kwenye vibatari. Dizeli nayo ilikuwa adimu, nisidanganye. Ila niliokota kidogo huku na kidogo kule, na kidogo changu kilikwenda mbali.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mtu wa Kilimanjaro mwenye duka la jumla Kariakoo. Yeye alikuwa na gari kubwa la petroli, refu, jeusi, analing'arisha kila Jumamosi mpaka kuku wanajiona sura. Lilikuwa zuri, na linakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Kila asubuhi akinikuta nahesabu, alisimama na kikombe chake cha chai mkononi.

"Jirani, hiyo unaiwasha au unaiombea dua?"

Nami nilimjibu kwa hesabu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nimezeeka darasani, na hesabu zilikuwa zinaniwasha mwilini. Nikamkokotolea gari lake linakunywa lita ngapi kwa kwenda dukani tu, akasema elimu ya watu wazima imewaharibu watu wazima.

Sasa, mke wangu alikuwa na meza ya nyanya pale Kariakoo sokoni. Meza ile aliisubiri miaka mitatu. Utaratibu wa sokoni ulikuwa mmoja na kila mtu aliujua: meza haikai tupu. Ukikosa bidhaa wiki nzima, Jumatatu asubuhi anapewa anayefuata kwenye orodha, na orodha ilikuwa ndefu kuliko reli ya kati. Lori lililokuwa likimletea nyanya kutoka Morogoro lilikuwa zee la petroli, na wiki ile lilikuwa limelala kwenye foleni pamoja na wazee wenzake. Siku ya Ijumaa msimamizi wa soko, mtu mpole sana, alimwambia kwamba Jumatatu akiikuta meza tupu hatakuwa na la kufanya.

Mke wangu si mtu wa machozi. Alirudi nyumbani, akaweka kapu chini, akaitazama pikapu kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

Jumamosi alfajiri tukaondoka. Hesabu niliipiga ubaoni, yaani mlangoni kwa chaki: mafuta ya kwenda na kurudi yanatosha, na yanabaki. Kilichonisumbua kilikuwa saa. Wanaokumbuka wanakumbuka: Jumapili, ikifika saa nane mchana, magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku barabarani, ili nchi ibane mafuta. Kwa hiyo Jumapili kabla ya saa nane ilitubidi tuwe tumeingia mjini. Tukichelewa, pikapu inalala njiani na matenga yote, nyanya zinageuka supu, na Jumatatu meza inakwenda.

Kwenda kulikuwa starehe. Tulifika kwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anayelima chini ya milima ya Uluguru, tukanunua nyanya, tukapakia matenga kumi na mawili. Nilipowasimulia majirani niliyafanya ishirini, na pikapu haikulalamika. Tukala ubwabwa kwa mama mkwe, tukalala.

Jumapili asubuhi, saa mbili, nimeshakaa kwenye usukani, mkono umeelekea kwenye kitufe, shemeji akaja anatabasamu uso mzima.

"Shemeji, leo hununui hata tone. Nimekujazia."

"Umenijazia nini?"

"Petroli, shemeji. Petroli safi. Debe zima."

Mkono wangu ulirudi wenyewe. Petroli kwenye mashine ya dizeli ni sumu, inaunguza pampu, na pampu ya gari lile ungeitafuta mpaka ukazikwa. Lakini mwangalie na yeye. Alikuwa na pikipiki yake imekaa chini ya turubai, na lile debe alikuwa amelificha uvunguni miezi miwili. Kwao mgeni hasindikizwi mikono mitupu, sembuse shemeji. Kwa hiyo alichukua kitu cha thamani kuliko vyote alivyonavyo, akaamka kabla yetu, akakimimina kwenye tangi langu kimyakimya ili iwe zawadi ya kushtukiza. Kumwaga zawadi mbele ya aliyeitoa ni sawa na kutema chakula cha mama mkwe mezani kwake.

Nikaanza kumweleza taratibu, kwa sayansi. Nilianzia mbali, kwenye tofauti ya mgandamizo na cheche, nadhani nilikuwa naelekea kwenye asili ya mafuta ardhini. Mke wangu akanikata.

"Mdogo wangu," akasema, "umempa ng'ombe nyama."

Shemeji aligeuka. Akaitazama pikapu, akanitazama, akashika kichwa. Nilidhani atalia. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Sasa huyu ng'ombe tunamtapisha vipi?"

Tulicheka wote watatu, na katika kucheka kule aibu yote ikaisha. Tukaingia uvunguni mwa gari, nikalegeza nati ya chini ya tangi, tukakinga kwa madebe mawili na sufuria kubwa ya mama mkwe, ambayo mpaka leo, wanasema, ubwabwa wake unanukia safari. Tukatoa vyote, petroli na dizeli yangu kidogo iliyokuwa imebaki, vimeshachanganyika, na madebe yale mawili tukayapakia nyuma pamoja na matenga.

Dizeli mpya ikapatikana kwa mwenye mashine ya kusaga wa pale kijijini. Mkanda wa mashine yake ulikuwa umekatika, mashine imesimama, mafuta yake yapo tu. Akatupa ya kutufikisha, kwa sharti kwamba tumchukulie ule mkanda, tukamshonee mjini kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, na tumrudishie kwa basi la kwanza. Nikaukunja mkanda nyuma ya kiti changu.

Haikuishia hapo. Dizeli ikishaisha kabisa kwenye mipira ya mafuta, huingia hewa, na mashine haiwaki mpaka uitoe. Mafundi wanaita kutoa upepo. Unalegeza nati ndogo, mtu anapampu kwa kidole gumba, povu linatoka, mnasubiri mpaka yatoke mafuta matupu. Shemeji alikataa mtu mwingine asishike ile pampu. Alipampu mwenyewe mpaka mwisho, jasho linamdondoka kwenye injini. Nilipopiga stata ikawaka mara moja, na moshi wake ukafunika kijiji na sehemu ya kanisa. Saa yangu ilisema saa nne kasoro robo.

Niliendesha kama mtu aliyebeba mayai na kufukuzwa na nyuki kwa wakati mmoja. Chalinze tulipita bila kunywa maji. Kibaha tulifika saa saba na dakika kumi, nikaanza kuimba, na hapo ndipo nilipoliona gari refu jeusi limesimama pembeni. Mwenyewe yuko kando yake, na koti lake la suti, galoni tupu mkononi. Jirani yangu. Alikuwa anatoka msibani kwa wakwe zake, na petroli ilikuwa imemwishia.

Nikiri kosa langu: nilitaka kupiga honi, nipunge mkono na nipite. Asubuhi zile zote na kikombe chake cha chai zilinipita kichwani.

"Simama," mke wangu akasema.

"Meza yako, mama watoto. Dakika zinakwisha."

"Meza ni yangu. Nimesema simama."

Nikasimama. Nikashusha debe moja la ule mchanganyiko, nikamweleza jirani upesi kwamba petroli hii ilikutana na dizeli njiani.

"Itawaka?" akauliza.

"Itawaka. Ila itakohoa."

Ikawaka, na ikakohoa kwelikweli. Tukaongozana kuelekea mjini, mimi mbele nimetulia na matenga yangu, yeye nyuma anafuka kama tanuri la mkaa, moshi wa buluu umetanda nusu ya barabara. Waendao kwa miguu walikuwa wanaziba pua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hawakuwa wananizibia mimi.

Ubungo palikuwa na askari wa barabarani katikati ya njia, anatazama saa yake. Akanisimamisha, akaangalia matenga, akaangalia tena saa. Zilikuwa zimebaki dakika sita. Akanipungia nipite. Jirani alipofika, askari alirudi nyuma hatua mbili, akauliza kama lile gari ni la dizeli.

"Bado, afande," jirani akajibu. "Lakini naifikiria."

Jumatatu, kabla soko halijachangamka, mkanda wa mashine ulikuwa Gerezani kwa fundi, na nyanya zilikuwa mezani. Mke wangu alizipanga kwa mafungu, nyekundu mbele na za kukomaa kesho nyuma, akasimama nyuma ya meza na kanga mpya. Ndizo zilikuwa nyanya pekee upande ule wa soko. Foleni ilianza kwenye meza yake, ikapita kwa wauza dagaa, ikatokea nje, na wengine walisimama bila kujua kinachouzwa ni nini. Saa moja na nusu msimamizi akatokea na orodha yake kwapani. Nyuma yake yuko mama mmoja mwenye kapu, aliyekuja kuonyeshwa meza.

Msimamizi akasimama. Akatazama nyanya, akatazama foleni.

"Shikamoo, mzee," mke wangu akasema. "Na wewe panga mstari."

Akaitikia marahaba, akaiweka orodha mfukoni, akaenda kusimama mwisho. Yule mama mwenye kapu akamfuata, akasimama nyuma yake.