Kinu cha Shangazi na Sahani ya Dereva

Niliondoka Msambweni kwa sababu shangazi yangu, Bi Mwanakombo, alikuwa ameuza nusu ya shamba lake la minazi ili anunue mashine ya kukamua mafuta ya nazi. Mimi ni fundi cherehani, na ujuzi wangu wa mitambo unaishia kwenye pedali. Lakini nilisoma Kiingereza kidogo, na katika ukoo wetu hiyo yatosha kumfanya mtu mtaalamu wa kila kilichotoka ng'ambo. Nikatumwa Mombasa.

Kilindini, asubuhi, nilioneshwa sanduku la mbao lililojengwa vizuri kuliko nyumba yangu. Karani wa kampuni ya uchukuzi, bwana aliyefunga tai katika joto lile, alinihakikishia kwamba mzigo wao haujapata kuharibika tangu waanze kazi. Nilimwamini. Mtu anayestahimili tai Mombasa ana haki ya kuaminiwa. Kreni ikalitua sanduku juu ya lori, na dereva akalifunga kwa kamba, akashusha turubai ya lori. Dereva huyo aliitwa Hamisi, mwenyeji wa Vanga, mtu mpole wa salamu ndefu. Aliuliza hali yangu, ya watoto, ya shangazi asiyemjua na ya minazi yake, ndipo akawasha gari.

Likoni tulisubiri feri. Walivuka kwanza Wazungu waliokuwa wakienda Diani kuogelea, kwa kuwa maji ya kuogelea yalikuwa na haraka kuliko mashine yetu. Wakamalizika, nasi tukavuka.

Hadi Ukunda barabara ilijitahidi. Baada ya hapo ilikumbuka kwamba hakuna tena Mzungu wa kumfurahisha, ikakata tamaa. Tulikula vumbi kwa utulivu, kila mtu fungu lake.

Karibu na Gazi, kwenye mteremko wa kuingia darajani, ng'ombe alijitokeza katikati ya njia. Hamisi akakanyaga breki. Nyuma ya migongo yetu kulitoka kishindo kilichonifika hadi kwenye meno. Hamisi akashuka mbio. Nami nilitaka kushuka, ila mlango wa upande wangu ulifunguka kwa nje tu, ufundi ambao sijauelewa mpaka leo. Alipolizunguka lori kuja kunifungulia, turubai ilikuwa imekwisha kufungwa.

Nikamuuliza ni nini. Akasema ni tairi la akiba. Toka hapo hakuuliza tena hali ya mtu wala ya mnazi.

Msambweni tulifika baada ya adhuhuri. Laiti Gavana angepokelewa namna ile, angehamia. Vigelegele vilianza mtaa wa kwanza, ubani ukafuka, na kabla lori halijasimama sawasawa wanawake walikuwa wamekwisha kulivika sanduku kanga pande zote kama bibi harusi. Wanaume wakaliteremsha juu ya magogo ya mnazi, polepole, na bismillahi kwa kila hatua. Nikaenda kutafuta mtaimbo ili tulifungue dereva akiwapo.

"Weka chuma hicho chini, Bakari," Shangazi aliniambia. "Mgeni hajala."

Nilimnong'oneza habari ya kishindo. Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kunawa, kwamba kulifungua sanduku mbele ya aliyelileta ni kumwambia kuwa ni mwongo, tena uani kwetu, tena hata mikono hajanawa. Nikasubiri ale. Kumbe baada ya kula mambo ni magumu zaidi, maana nani atamkagua mtu aliyetoka kula kwake? Kwa hesabu hii kuna wakati mmoja tu unaofaa kumkagua mgeni, nao ni kabla hajazaliwa.

Hamisi alikula kidogo sana. Alilisukuma pilau huku na huku kwenye sahani, akaacha nusu. Halua hakuigusa. Shangazi alihuzunika, akidhani amekosea chumvi. Dereva akasema asije akaikosa feri, Shangazi akatia dole gumba kwenye karatasi ya kupokea mzigo, akamtuma salamu kwa mama yake, na lori likaondoka.

Alasiri tulitoa kanga. Mbao za upande mmoja zilikuwa zimebonyea. Ndani, gurudumu kubwa la injini lilikuwa vipande viwili, na kinu chenyewe kina ufa wa kupitisha mkono. Shangazi alikaa juu ya mbao, akaupapasa ule ufa kwa kidole.

"Nusu ya shamba," alisema.

Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Niliogopa, na hasira niliyokuwa nimemwekea ikaniishia yote. Shamba lililobaki halikutosha kumlisha bila mashine, na lililouzwa tayari lilikuwa na ua wa mtu mwingine.

Siku ya pili tulipanda basi kwenda Mombasa, mimi na hoja zangu, yeye na kikapu chake. Karani wa tai alisikitika sana, kwa ustadi. Akaniuliza kwa nini hatukulifungua sanduku mbele ya dereva. Nikamjibu kwa Kiingereza safi kwamba dereva alikuwa anakula. Akaniomba nirudie. Nikarudia, na mara ya pili ilisikika vibaya zaidi. Akauliza tuliliteremsha juu ya nini, nikasema magogo ya mnazi; akasema kwamba mashine nyingi huvunjikia vijijini, kwa mambo kama hayo ya magogo.

Shangazi, ambaye hakufahamu hata neno moja, aliuliza Hamisi yuko wapi. Nikafurahi, nikadhani hatimaye amekuja kumtukana mtu.

Tulimkuta yadini akifunga mzigo mwingine. Alipotuona alisimama wima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?" Akafungua kikapu, akatoa kifurushi. "Uliondoka hukuila halua. Nikaona nikuletee."

Msomaji asidhani ulikuwa mtego. Namjua shangazi yangu. Hila hana, kwa bahati mbaya ya ukoo mzima. Hamisi alikishika kifurushi kwa mikono miwili, macho chini.

"Mama, lile pilau halikunipita kooni," alisema.

Akaenda moja kwa moja ofisini, halua mkononi, wapakizi wakimfuata mlangoni kusikiliza. Akamwambia karani kwamba kamba ilikatika kwenye mteremko wa Gazi, sanduku likajibamiza, naye aliona akanyamaza. Akaongeza kwamba kamba hiyo ilikuwa imechakaa, na kwamba alipoomba nyingine, karani huyuhuyu alimwambia bado ina maisha.

Kwa mara ya kwanza niliona tai ikilegezwa. Mlango ulikuwa umejaa masikio, na neno lililokwisha kusikiwa na wapakizi halirudi. Tuliahidiwa mashine nyingine kwa meli itakayofuata, bila malipo. Hamisi naye aliachishwa kazi palepale, kwa ukarimu wa kampuni.

Jioni tulirudi Msambweni watu watatu. Shangazi alimwambia Hamisi kwamba kuna pilau analodaiwa, na safari hii alilimaliza. Mpaka leo anakula kwetu, maana ndiye anayeiendesha mashine. Mimi nimerudi kwenye pedali yangu.

Mashine ya pili ilipoletwa na dereva mgeni, nilikuwa nimejiandaa, mtaimbo begani. Nilikuwa nimejifunza. Hamisi akaninyang'anya, akauegemeza ukutani.

"Mgeni hajala," alisema.

Tukatandika mkeka. Mimi, Shangazi na Hamisi tulikaa tukaikodolea macho sahani ya yule bwana, tonge baada ya tonge, hata akaanza kututazama kwa wasiwasi. Akaimaliza. Akaomba aongezwe.

"Basi fungueni," Shangazi alisema. "Kinu kizima hicho."

Kilikuwa kizima.